Mkate wa Yai wa New York na Mikono ya Wayemeni



Mji wa New York ulipohisabiwa watu wake mwaka 2020 walipatikana zaidi ya milioni 8 na laki 8. Katika hao kuna kila jinsi ya watu: Wataliani, Wachina, Wayahudi, Wahindi, Waarabu, Wasomali, na watu wetu wa Mombasa, Lamu, Unguja na Ngazija wako pia. Jioni kila kabila hurejea kwenye chungu chake. Lakini asubuhi, watu wanapokimbilia treni za chini ya ardhi, hukutana wote katika chakula kimoja: bofulo ya duara iliyopasuliwa, ndani yake mayai mawili ya kukaanga na jibini iliyoyayuka, ikafungwa karatasi na kuliwa njiani. Wengi wao hutia na kitu cha tatu, nacho ni nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi na moshi. Kitu hiki cha tatu ndicho kilichonifanya niandike, kwa sababu anayeikaanga nyama ile na kuiuza, mara nyingi mno, ni Mwislamu kutoka Yemen.

Watu wa mji ule wana mapenzi na mkate huu ambayo mgeni huyastaajabia. Kila mtu ana duka lake, na kila mtu huapa kuwa lake ndilo bora. Mtu akihamia mtaa mpya, kabla hajamjua daktari wa hapo amekwisha jua yai zuri hukaangwa wapi. Wako wanaopita maduka matano wakaenda la sita, kwa kuwa yule wa sita huilaza bofulo juu ya chuma kwa siagi mpaka ikafanya ukoko, na yule wa tano huiacha laini kama ilivyotoka mfukoni. Wako wanaotaka kiini kivurugwe na wanaotaka kibaki kizima kitiririke vidoleni. Haya si mambo ya kuchekwa. Nasi huku tunao watu watakaovuka mitaa mitatu kutafuta mahamri ya mama fulani, na yaliyo mlangoni pao hawayataki.

Kazi yenyewe hufanywa mbele ya macho ya mnunuzi. Kuna bamba pana la chuma lenye moto chini yake. Muuzaji huvunja mayai mawili kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili unapasua bofulo. Hutia chumvi na pilipili manga, hulaza jibini juu ya mayai ili ipate moto, hukunja, hupachika ndani ya mkate, hufunga karatasi na kukata katikati kwa kisu. Dakika chache tu zimepita. Mnunuzi wa kila siku hana haja hata ya kusema. Akionekana mlangoni mayai yamekwisha vunjwa. Na paka wa duka amelala juu ya magunia. Maduka haya yana sifa ya paka wao, ijapokuwa kanuni za afya za mji haziwataki, kwa kuwa mwenye duka huona afadhali paka mmoja kuliko panya kumi. Watu wa Lamu watamwelewa.

Tukitazama tarekhe ya staftahi hii tutaona kuwa takriban kila kilichomo kimetoka ng'ambo. Bofulo ile ya duara, yenye mikato juu yake kama nyota, asili yake ni Vienna, mji mkuu wa Austria, na hata jina lake limechukuliwa kwa Kaisari wa huko. Kahawa inayoandamana nayo ilitiwa kwa miaka mingi katika bilauri ya karatasi yenye rangi ya samawati na nakshi za Kiyunani. Bilauri hiyo ilibuniwa mwaka 1963 na Leslie Buck, mtu aliyezaliwa Ulaya ya Mashariki, naye akaitia nakshi hizo ili iwapendeze Wayunani, kwani wao ndio waliokuwa na mikahawa mingi ya mji wakati huo. Duka lenyewe huitwa bodega, neno la Kihispania lenye maana ya ghala. Wamelileta watu wa Puerto Rico, ambao walimiminika New York kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kisha wakafuata watu wa Jamhuri ya Dominika. Na kahawa, kama ajuavyo kila mtoto wa pwani aliyepita karibu na mwenye dele, ulimwengu umeipata kwa Yemen. Masufi wa huko waliinywa katika karne ya 15 wapate kukesha katika dhikri, na baadaye merikebu za mataifa zikaifuata kwenye bandari ya Mukha. Basi Myemeni anapomimina kahawa asubuhi katika mtaa wa Brooklyn hauzi kitu kigeni kwake.

Ama nyama ya nguruwe, khabari yake ni ya ajabu zaidi, nami ningependa kila mwenye nyumba aijue. Waingereza walikuwa wakila mayai na nyama hiyo tangu zamani. Lakini Wamarekani wengi, mwanzoni mwa karne ya 20, asubuhi walikuwa wakitosheka na kahawa, mkate kidogo na maji ya machungwa. Katika miaka ya 1920 kampuni moja iliyokuwa ikiuza nyama hiyo, jina lake Beech-Nut, ilimwajiri bwana mmoja aitwaye Edward Bernays ili auzaji uongezeke. Bernays naye alizaliwa Vienna, kama ile bofulo, na mjomba wake ni yule Sigmund Freud wa elimu ya nafsi. Hakuandika tangazo la kuisifu nyama. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimwendea daktari akamwuliza: je, chakula kizito cha asubuhi si bora kwa mwili kuliko chepesi? Daktari akasema ndiyo. Akamwomba awaandikie wenziwe, na barua zikapelekwa kwa madaktari kiasi ya 5,000. Kiasi ya 4,500 wakajibu kuafikiana naye. Magazeti yakatangaza kuwa madaktari elfu nne na mia tano wameusia chakula kizito asubuhi, na papo hapo, ubavuni mwa khabari hiyo, yakatajwa mayai na nyama ya nguruwe. Tafadhali rejea usome tena. Madaktari hawakuulizwa juu ya nguruwe. Waliulizwa juu ya uzito wa chakula. Lakini aliyeuzwa alikuwa nguruwe, na mpaka leo wako wengi wanaodhani hii ni ada ya mababu zao.

Yai na mkate vyenyewe havikuhitaji hila yoyote. Mombasa tuna mkate mayai, unga uliotandazwa mwembamba kama kitambaa, ukatiwa kima na yai, ukakunjwa na kukaangwa. Na huo ni ndugu wa mutabbaq wa Yemen na Hijazi, neno ambalo maana yake ni kilichokunjwa. Uganda wanaviringisha mayai ndani ya chapati, na chapati imefika huko kwa Wahindi. (Na Meya wa New York aliyechaguliwa mwezi wa Novemba 2025, Zohran Mamdani, Mwislamu wa kwanza kushika cheo hicho, amezaliwa Kampala, mji ambao chapati hiyo huuzwa kila kona.)

Sasa tumtazame mwenye duka. Waingereza waliitwaa Aden mwaka 1839, na mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869 bandari hiyo ikawa njia kuu ya meli za moshi. Wayemeni wakaajiriwa kutia makaa katika matanuri ya meli, kazi ambayo mwenye mahali pengine pa kwenda hakuitaka. Wengine wakabaki katika bandari za Uingereza, na wengine wakafika Marekani. Walifanya kazi katika viwanda vya motokari vya Detroit, katika kiwanda cha chuma cha Lackawanna, na katika mashamba ya zabibu ya California. Huko California, mwezi wa Agosti 1973, kijana wa Kiyemeni aitwaye Nagi Daifullah aliyekuwa katika chama cha wafanyakazi wa mashamba alikufa baada ya kupigwa na askari wakati wa mgomo. Alikuwa na miaka 24. Sheria ya mwaka 1965 iliyoondoa mafungu ya kabila kwa kabila iliwafungulia mlango zaidi, na katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 Wayemeni wakaanza kuyanunua maduka ya vipembeni ya New York, moja baada ya moja. Leo maduka yao huko huhisabiwa kwa maelfu.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuelezwa Myemeni mwenye duka ni mtu gani. Babu zetu walinunua kwa Mshihiri. Duka lilifunguliwa kabla ya alfajiri likafungwa baada ya isha, na mwenyewe alilala nyuma ya magunia. Aliuza sukari ya senti chache, mafuta ya taa ya kujaza taa moja, na mbele yake daftari la madeni ya mtaa mzima. Mkewe na wanawe walikuwa Hadhramaut. Baada ya miaka alikwenda kwao, na mahali pake akaketi ndugu yake au mtoto wa ami yake. Hivyo hivyo ndivyo maduka ya New York yalivyoendeshwa: jamaa kadhaa hushirikiana mtaji, mmoja hukaa dukani na mwengine hukaa kwao, kisha hubadilishana. Daftari la deni wanalo pia. Na wateja, hata wasio Waislamu, wameokota neno kwa wauzaji hao wakawa wanawaita kwalo: husema "ock", nalo si lingine ila akhi, ndugu yangu, likakatwa na ndimi za mitaani.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali. Vijana wetu waliokwenda kusoma huko huuliza: yai ni halali, mkate ni halali, muuzaji ni Mwislamu, je, naweza kula?

Wengi wa Wayemeni wa New York asili yao ni Ibb na majirani zake, nchi ya milima ya kijani kusini ya San'aa, na watu wa huko ni Shafi kama sisi. Kwa hivyo mas'ala haya muulizaji na muuzaji wameyasoma katika vitabu vile vile. Nguruwe katika madhehebu yetu ni najisi nzito kama mbwa, na kilichoguswa naye kwa majimaji huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza kuwa kwa upande wa dalili lenye nguvu ni kwamba nguruwe anatosha kuoshewa mara moja bila ya udongo, kwani hadithi ya mara saba imekuja juu ya mbwa. Mwenye kushika hili ana pa kuegemea. Lakini hata mara moja ni kuosha. Bamba la duka lile, asubuhi watu wakiwa wamejipanga, halioshwi kati ya mnunuzi na mnunuzi. Hukwanguliwa kwa kisu kipana, na mafuta ya nguruwe yakabaki yaking'ara. Kukwangua si kuosha. Yai lililovunjwa juu yake limenajisika, ijapokuwa lenyewe halikufanya kosa. (Jibini nayo ina mas'ala yake ya kile kinachogandishia maziwa, hayo tuyaache kwa siku nyengine.)

Jambo hili si jipya. Sahaba Abu Tha'laba Al-Khushani alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya vyombo vya majirani zao wa Ahlul Kitabu, ambao walikuwa wakipika nguruwe ndani yake. Akajibiwa, kwa maana, kwamba wakipata vyombo vyengine wasivitumie hivyo, na wasipopata, wavioshe kisha wale. Tazama wepesi uliomo: hakuambiwa ahame, wala hakuambiwa avione vyombo vya jirani kuwa ni safi.

Ama kuuza, hukumu yake ni nzito zaidi. Jabir bin Abdillah amepokea kwamba mwaka wa kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alitangaza uharamu wa kuuza ulevi, mzoga, nguruwe na masanamu. Watu wakauliza juu ya mafuta ya mzoga, kwa kuwa yanapakiwa majahazi na kuwashiwa taa. Hata hapo akakataa. Sisi tulio wana wa majahazi tunajua mafuta ya kupaka chombo yana thamani gani, na tunajua kwa hivyo kuwa waliouliza hawakuwa wakicheza. Ilikuwa riziki yao.

Wenye maduka nao wana la kusema. Kodi ya duka New York ni kubwa, deni la ununuzi ni la jamaa wengi, na mnunuzi asiyeipata nyama yake huvuka barabara akainunua kwa mwengine. Wengine husema wao ni waajiriwa tu, duka ni la ami. Sitaki kuyadharau maneno haya nikiwa nimeketi mkekani Mombasa na chai yangu. Lakini sitaki vile vile kuyafanya kuwa fatwa. Haramu haiwi halali kwa kuwa kodi imepanda, na mwenye kuuza anajua. Ndiyo maana wengi wao wenyewe hawaionji. Mtu anayekaanga kutwa kitu ambacho hatakitia kinywani amekwisha toa hukumu.

Na wako waliotoka. Katika Brooklyn na Bronx yako maduka yaliyoiondoa nyama ya nguruwe kabisa, yakaandika neno halali kwenye kioo, na mahali pake yakatia nyama ya ng'ombe au ya batamzinga iliyokatwa na kukaushwa vivyo hivyo. Mkate ni ule ule, jibini ni ile ile, na wanunuzi wake si Waislamu peke yao. Kijana anayesoma huko naye ana pa kwenda sasa. Avumilie kupita maduka matano afike la sita, kama wafanyavyo wenyeji kwa ajili ya ukoko wa bofulo.

Kuna siku moja ambayo mji ule ulilazimika kuwatazama watu hawa usoni. Siku ya Ijumaa, tarehe 27 Januari 2017, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuwazuia kuingia Marekani watu wa nchi saba, zote za Waislamu, na Yemen ni moja wapo. Wakati huo Yemen ilikuwa vitani, na ubalozi wa Marekani wa San'aa ulikuwa umefungwa tangu Februari 2015. Mwenye duka aliyetaka kumleta mkewe ilimbidi amvushe bahari mpaka Djibouti, pwani hii yetu ya Afrika, akangojee viza huko kwa miezi na miezi. Amri ilipotoka, wengine walikuwa wamekwisha pata viza mkononi, wakazuiwa.

Siku ya Alkhamisi, tarehe 2 Februari, wenye maduka wa Kiyemeni wakafunga. Yalifungwa maduka kiasi ya 1,000, tangu saa sita mchana mpaka saa mbili usiku. Ziangalie saa hizo. Asubuhi walifungua kama kawaida, wakawavunjia watu mayai, wakawapa kahawa, wakawaacha waende kazini wameshiba. Kisha adhuhuri wakateremsha milango ya chuma na kubandika karatasi za kueleza sababu. Maelfu ya watu wakakusanyika mbele ya jumba la serikali ya Brooklyn, wengi wakibeba bendera za Marekani. Wakati wa baridi jua la huko huchwa mapema. Ilipoingia magharibi ikaadhiniwa hapo hapo uwanjani, na watu wakapanga safu juu ya mawe ya baridi wakasali. Mtu aliyekuwa akinunua yai kwao miaka kumi bila ya kujua jina la muuzaji wala la nchi yake, siku ile alilijua.

Mwaka huo huo wakaunda chama chao cha wafanyabiashara. Amri yenyewe ilibadilishwa mara mbili, ya tatu ikapitishwa na Mahakama Kuu kabisa mwezi wa Juni 2018, na ikafutwa Januari 2021 alipoingia Rais Joe Biden. Mwezi wa Juni 2025 ikatoka amri nyengine ya Trump aliyerejea madarakani, na jina la Yemen likamo tena.

Mwaka huo wa 2025 ulikuwa mzito kwa mkate wa yai pia. Homa ya ndege iliua kuku wengi Marekani, na mwezi wa Machi dazani moja ya mayai ilifika dola 6.23 kwa wastani wa nchi. Watu waliozoea kununua dazani wakashindwa. Duka moja la Bronx likaanza kuuza mayai matatu matatu ndani ya mfuko, na magazeti yakaandika kama kwamba ni uvumbuzi. Mshihiri wetu angecheka. Yeye yai aliliuza moja, na kitunguu nusu.

Maduka mengi ya namna hii hayafungwi usiku. Mwezi wa Ramadhani, saa kumi za usiku, utawakuta humo madereva wa teksi, wauguzi wanaotoka zamu na wanafunzi, wamejipanga mbele ya bamba katika duka lenye neno halali kwenye kioo, wakitazama saa ya ukutani wakati mayai yanavunjwa. Chakula ni kile kile cha asubuhi, lakini kwa saa ile jina lake ni daku, na mwenye duka huanza kufunga karatasi ya mkate wake mwenyewe baada ya kumhudumia wa mwisho.